Bustani Kando ya Bomba

Niseme ukweli tangu mwanzo: shemeji yangu alikuwa ananitia kinyaa, na miaka ishirini na sita ya ushemeji haikuniponya. Kazi yake ni kuzibua chemba za maji taka. Asubuhi anavaa buti za mpira zinazofika magotini, anashuka shimoni, na anachokutana nacho huko mnakijua, maana ni chenu. Mtaani wanamwita Marashi. Wakimwita anaitika na kupunga mkono, kana kwamba amesifiwa.

Dada yangu mkubwa alipotuambia anaolewa naye, nilisusa kula siku mbili. Dada alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mtu wa mashuka meupe na kola zilizonyooka. Mimi ni mshonaji. Kitambaa chenye doa sikipokei hata kwa bunduki. Nikamwuliza atalalaje na mtu yule. Akanijibu, "Ataoga." Mjadala ukaishia hapo.

Na kweli alioga. Nyumba yao ina bomba la maji uani, na Marashi hakuvuka kizingiti hata siku moja kabla ya kupita pale na kipande cha sabuni ya kufulia. Mwaka wa kumi wa ndoa yao gesi ilimzidi ndani ya chemba, wakamtoa amezimia. Alizinduka salama, ila pua yake ndiyo ilikufa. Hadi leo mfumbe macho umpe kitunguu na ua la waridi, hajui kipi ni kipi.

Dada alifariki mwaka jana, moyo ulisimama akiwa amekaa tu. Marashi alinyamaza miezi mingi, kisha akaja kwangu na mchoro kwenye karatasi ya daftari. Atatengeneza bustani uani, kuzunguka bomba lile lile, kwa ajili ya dada. Asumini, waridi, mrehani, mchaichai, kila kinachonukia. Siku ya kutimiza mwaka, ndugu wote waje wakae pale wamkumbuke.

"Nataka mtu akiingia tu aseme, huyu ndiye yeye," aliniambia. "Mimi harufu sitaisikia, shemeji. Nyinyi mtaisikia."

Tuliisikia. Nilikwenda kuiona bustani wiki moja kabla, na harufu ikanipokea kwenye kona ya barabara, nyumba nne kabla sijafika. Alikuwa amebeba tope kutoka mabwawa ya maji taka, magunia kumi na manne mgongoni, akalimwaga kwenye matuta akiamini limeshakomaa kuwa mbolea. Wapi! Lilikuwa vile vile lilivyowatoka wenyewe. Nzi wa kijani wamejaa kwenye waridi. Ndani ya tuta la mrehani kulikuwa na kitu cheupe chenye kutambaa, na zaidi ya hapo sisemi. Yeye kasimama katikati, mikono kiunoni, uso umemchangamka.

"Inanukia, shemeji?"

"Sana," nikasema. Kisha nikaenda kutapika mtaroni.

Jumapili yenyewe ndugu walifika saa kumi alasiri, wakakaa kwenye viti vya plastiki, na ndani ya dakika moja kila mtu alikuwa na leso usoni. Kaka yetu mkubwa, ambaye hotuba zake huwa haziishi, siku hiyo alimaliza kwa sentensi mbili. Marashi alipoona leso zile zote, machozi yakamtoka. Alidhani tunamlilia dada.

Wakaanza kuaga. Mmoja ana kikao, Jumapili hiyo. Mwingine kaacha chungu jikoni. Wote wakamshika mkono: panapendeza, pananukia, hongera. Nilitoka nao hadi langoni, na hapo nikamsikia kaka, mtoto wa mama yetu, akisema, "Marehemu naye sasa ananuka mavi." Wakacheka, wakifuta macho kwa leso zile zile.

Hapo kinyaa changu kikahama. Niliwaona watu wazima wenye manukato shingoni, nikachukia hata kusimama nao. Kisha nikakumbuka ile "sana" yangu, nikaona mimi ndiye niliyewatangulia.

Nikarudi uani. Alikuwa anapanga viti.

"Shemeji, bustani inanuka."

"Inanukiaje?"

"Inanuka mavi. Hadi barabarani. Hakuna aliyelia leo, tulikuwa tunaziba pua. Na wiki iliyopita nilikudanganya."

Nilisubiri anitukane. Akakaa kwenye ukingo wa saruji chini ya bomba, akatazama mikono yake.

"Unajua dada yako alikuwa anafanyaje?" akasema. "Nikimaliza kuoga hapa, anakuja mlangoni ananusa bega langu. Hakunionea haya hata siku moja. Akisema rudi bombani, narudi. Akisema pita ndani, napita. Tangu afe, kila ninayemwuliza ananiambia niko safi. Kwenye basi watu wanahama viti, lakini niko safi. Mwaka mzima, shemeji, nalala sijui kama nanuka."

Nikavua viatu, nikajifunga mtandio puani, nikamwomba koleo la pili. Tulizoa tope lile tukalirudisha kwenye magunia hadi jua likawa chini, na mara mbili nilikimbilia ukutani kutapika. Asumini tuliziacha, na waridi mbili zilizokuwa na nguvu.

Kisha akaoga. Alipomaliza alivaa shati, akaja hadi mlangoni kwake, na hakuingia. Akasimama tu, ananitazama.

Nikasogea nikanusa bega lake.

"Rudi bombani," nikamwambia.

Akarudi. Mara ya pili nikamrudisha tena, na nikamwona anatabasamu huku anasugua. Mara ya tatu nilivuta pumzi hadi mwisho wa kifua, nikakuta sabuni ya kufulia tu.

"Haya, shemeji. Pita ndani."