Msiba Uliokosa Marehemu

Dada wa rafiki yangu aliponipigia simu kunieleza kwamba kaka yake amefariki, nilimuuliza swali ambalo hakuna mfiwa anayestahili kuulizwa: "Ni kweli, au ni kazi yake?" Hakukasirika. "Safari hii ni kweli, kaka," alisema. "Lakini watu hawaji. Viti vitupu, na kesho tunazika." Nikavaa koti, nikatoka Njombe kwenda Makambako.

Ili umwelewe dada huyo, msomaji wangu, sharti nikueleze kwanza kazi ya kaka yake. Alikuwa msanii, lakini si wa kutundika picha ukutani. Alipanga vitu vya kawaida mahali pa kawaida, kisha akangoja watu waingie humo. "Nusu ya kazi naifanya mimi," alipenda kusema, "nusu anaimalizia anayekuja." Mwaka juzi aliitazama Makambako, mji wa njia panda ambako kila mtu anaelekea kwingine, akatamani wapita njia wakae pamoja. Akafunga turubai karibu na soko, akapanga viti vya plastiki vikitazamana, na kwa kuwa baridi yetu mnaijua, akawasha moto katikati. Mimi nilimsaidia kubeba viti. Sote wawili ni wazaliwa wa huku, na hakuna aliyeng'amua tulichokuwa tumekijenga.

Wa kwanza kuketi alikuwa mama muuza viazi. Viatu vilimbana, kwa hiyo alikaa ameinama, kanga kichwani, uso umekunjamana. Mpita njia akamwona, akavua kofia, akaketi. Kwetu mtu haulizi mlangoni nani kafa. Unaketi kwanza, habari utazipata ukiwa umekaa. Basi wakaketi, kila mmoja akiamini kwamba jirani yake anajua. Kabla ya mchana mabanzi ya kuni yalikuwa yamerundikwa, unga umefika, na kwaya inaimba. Dereva wa lori akasimama kutoa neno. "Sikumfahamu sana," alisema, "ila alikuwa mtu wa watu." Wakaangua kilio. Rafiki yangu akashindwa kuvumilia. "Ndugu zangu, hakuna aliyekufa! Hii ni sanaa!" Mzee mmoja akamshika bega. "Pole sana, mwanangu. Uchungu humfanya mtu aseme mengi. Mpeni uji." Akapewa uji, akanywa.

Ukweli ulipojulikana, mji ulikasirika, naye alihuzunika kwa muda mrefu. Nilimwambia hakuna msanii aliyewahi kumaliziwa kazi vizuri namna ile. Hakucheka.

Nilipofika msibani nilikuta turubai lilelile na moto uleule, na dada mtu peke yake katikati ya viti. Watu walikuwa ng'ambo ya barabara, wamekunja mikono. "Hatukai," dereva wa bodaboda aliniambia. "Tukikaa tu, anaibuka nyuma ya turubai."

"Yumo kwenye jeneza," nikasema.

"Yule? Hata jeneza angelipanga."

Na kweli angeweza. Ndipo mama muuza viazi akavuka barabara, mzigo wa mabanzi kichwani, safari hii amevaa ndala. "Mama, utachekwa tena!" mtu akamzomea.

"Nichekwe," akajibu bila kugeuka. "Kama ni mchezo, tutaota moto. Kama ni kweli, hatazikwa na viti."

Akatua mabanzi, akaketi ubavuni mwa dada mtu, akamshika mkono. Dereva wa bodaboda alitazama chini, akavua kofia, akavuka. Nyuma yake wakavuka wengine, hadi waliokosa viti wakasimama.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba watu wale wa mwaka juzi walikosea. Leo naona hawakukosea kitu. Walimlilia mtu wasiyemjua kwa sababu walimwona mwenzao ameinama, na hilo halihitaji uthibitisho. Tunajifunza kutodanganywa, na ni vema, ila tukijifunza mno tutawaacha wafiwa peke yao na viti. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiona mtu ameinama mbele ya moto, keti kwanza. Ukichekwa, utakuwa umeota moto. Mimi nilikaa hadi kaburi lilipofukiwa na watu wakarudi kunawa mikono, kisha nikazunguka kimyakimya kuchungulia nyuma ya turubai. Nilimkuta dereva wa bodaboda, naye anachungulia. Hapakuwa na mtu mwingine.