Kofia Mbele ya Mizani

Juzi nilikuwa kwenye mstari wa kupima kahawa, mtoto mgongoni, gunia miguuni. Mbele yangu alisimama kijana mwenye kofia pana, kama za wale wachunga ng'ombe wa Marekani tulioonyeshwa na gari la sinema.

Mpimaji wetu ni mzee wa kanisa. Siku ile ya sinema, picha ikiwa katikati, ndiye aliyesimama akatuamuru Wakristo wote twende nyumbani; vijana wachache tu ndio waliobaki.

"Vua uhuni huo wa Kimarekani," alimwambia kijana, "la sivyo kahawa yako siipimi."

Kijana akaivua, akaikumbatia kifuani. Mzee akapandisha gunia kwenye mizani, akalitazama muda mrefu bila kuandika kitu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Yule wa kwenye picha, aliyefungwa kamba mtini, ndugu yake alimfikia?"

"Mzee wangu, nikueleze nikiwa nimeivua au nimeivaa?"

Mzee akageuka, akaona mstari mzima umetega masikio.

"Vaa. Lakini eleza upesi."

Hakueleza upesi. Miguu iliniuma, mtoto alilia, ndizi zilikuwa hazijamenywa nyumbani. Sikulalamika. Nami niliondolewa kabla ya mwisho.