Bidoni Mbili Mlangoni kwa Yaya

Naanza na upumbavu wangu, kabla yaya, dada yangu mkubwa, hajausimulia kwa namna yake: nilimchotea maji. Mtu akisikia hivyo anaweza kudhani mimi ni mtoto mzuri. Hapana. Nilitaka kitanda chake.

Nyumba yetu ya Kapata, mtaa wa kampuni ya migodi, ilikuwa na kitanda kimoja cha watoto, na yaya ndiye aliyekilalia kwa sababu ya miguu yake, iliyonyauka kwa polio akiwa na miaka miwili. Mimi nililala sebuleni kwenye mkeka, nikikanyagwa na kila anayekwenda msalani. Kwa hiyo siku yaya aliposema anataka kuhama akae peke yake, hakuna aliyemuunga mkono kunishinda mimi.

Chumba kilikuwepo. Mama wa jirani, mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, alikuwa amekijenga nyuma ya nyumba yao kwa matofali yake mwenyewe, na humo ndimo alimomfundisha yaya kushona kwa cherehani ya mkono. Halafu ukaja mwaka ule ambao watu wa Kasai waliambiwa waende kwao, hata wale waliozaliwa hapa hapa Kapata. Shuleni benchi langu lilibaki na mimi tu. Mama wa jirani alifunga vitu vyake katika mashuka, akaja kwetu na cherehani na ufunguo. Mama yangu alinyoosha mkono kuupokea. Yule mama akampita, akaenda kwa yaya.

"Ni ya huyu," akasema. "Nyumba ya kampuni batakamata. Chumba ni yangu, nampa yeye. Ashone, akae."

Kisha wakaenda stesheni kungoja treni, na nyumba kubwa ikapata wenyeji wengine kabla ya Jumapili.

Mama na yule jirani walikuwa wameombana moto kila asubuhi tangu sijazaliwa: ambaye mbabula yake, yaani jiko la makaa, imewaka kwanza, anampa mwenzake makala mawili mekundu kwenye kigae cha chungu. Sasa vibiriti vilikuwa shida madukani, na mama hakwenda kuomba moto kwa mtu mwingine yeyote. Alihangaika na majivu ya jana.

"Hauwezi," alimwambia yaya. "Nani atakuchotea maji?"

"Mi mwenyewe."

"Na magongo mbili mu mikono? Bidoni utabeba na meno?"

"Mama, unipe siku saba. Mutu asinisaidie kitu. Nikishindwa, narudisha funguo mu mukono yako, narudia kulala kwako, na siongei tena."

Mama akakubali upesi, kwa kuwa alijua habari ya maji. Pampu za kampuni zilikuwa zinakufa moja moja. Robine, bomba la mtaa wetu, ilitoa maji alfajiri, na kufika saa mbili ilikohoa, ikanyamaza.

Lakini yaya alikuwa amekwisha kufikiri. Alitafuta kipande cha mpira mnene, wa ule mkanda unaobeba mawe kiwandani, akakitoboa, akatia kamba, akajifunga kamba kiunoni. Bidoni, dumu la maji, ikakaa juu ya mpira. Yeye mbele na magongo yake, mpira nyuma ukiburuta. Watoto walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamfuata njia nzima nikipiga honi ya treni.

Kwenye mstari wa robine hakuna mama aliyecheka. Yaya akasimama, akageuka.

"We, treni uache. Ule mama angali analala chini ku stesheni, anaingojea."

Niliacha. Hata mimi nina mipaka, ila huwa sijui iko wapi mpaka niwe nimeipita.

Siku tatu zikapita vizuri. Yaya alipika bukari, ugali wake, akashona suruali ya shule ya mtoto wa watu, na mimi nikaanza kulala kitandani kwa majaribio. Kitanda kilinikolea. Siku ya nne, alfajiri, nilimsikia akikohoa, nikaogopa. Akiugua, anarudi, akirudi, mimi mkekani. Basi nikachukua bidoni zake mbili pale mlangoni, nikawahi robine, nikazijaza, nikazirudisha mahali pake. Hakuna aliyenitilia maanani. Nikaenda kujifanya nimelala.

Yaya alifungua mlango, akaziona. Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, na miayo ningepiga juu yake. Yeye alizifunga kwenye mpira moja baada ya nyingine, akaziburuta mpaka mbele ya mstari wa robine, akazimwaga.

"Eh, huyu ana wazimu?" mama mmoja akasema. "Maji ya leo?"

"Haikuwa maji yangu."

Mama yetu alikuwa katika mstari. Akaweka beseni chini.

"Nani alichota?"

"Uliza ule mwenye anapenda kitanda yangu."

Mstari wote ukanitazama. Nilikuwa nimetoka kuona kelele ni za nini, shuka la yaya bado mabegani mwangu, kwa hiyo ushahidi ulikamilika.

"Basi umesaidiwa," mama akasema. "Imeisha. Leta funguo."

"Haiishi. Naanza tena. Kesho njo siku ya kwanza."

"Mi sikusema kuanza tena."

"Na mi sikumutuma."

Akaburuta bidoni tupu mpaka mwisho wa mstari. Hakuna aliyempisha, walikuwa na hasira ya maji yale. Zamu yake ilipofika, robine ilikuwa inakohoa. Alipata nusu bidoni. Kwa nusu hiyo alipika, akanawa, akafikisha jioni, na mimi nilipopita aliniambia tu, "Ukitaka kunisaidia, kaa mbali."

Mama hakuudai ufunguo tena, wala hakusema ndiyo. Nilijua anahesabu, kwa sababu kila asubuhi alisimama uani, mikono ameikunja, mpaka mpira upite. Siku saba mpya zikatimia. Mama akakunjua mikono, akarudi ndani. Yaya naye ufunguo aliuvaa shingoni kutwa nzima, na sindano ilimchoma mara mbili.

Asubuhi iliyofuata niliwasha mbabula yetu mimi mwenyewe, maana ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na iliwaka vizuri. Mama akaitazama. Akachukua kigae cha chungu, kile cha kuombea moto kwa jirani, akavuka ua. Kwetu mama habishi mlango. Anausukuma, anafungua dirisha, anaanza kukemea. Pale alisimama nje, ingawa mlango ulikuwa wazi na yaya tulikuwa tunamwona, ameketi kwenye cherehani.

"Odi," mama akasema. "Moto yangu imezimika. Unipatie makala mbili."