Maana Nilizompa Dada wa Chuo

Shuleni kwetu Katesh hakuna somo la uchoraji. Kuna mimi tu, wa kuitwa ubaoni mwalimu wa bailojia anapotaka moyo wa binadamu. Ninapenda kuchora pale mbele kwa sababu darasa zima linaniangalia lakini hakuna anayeniona uso. Nikimaliza, nageuka, nakimbilia dawati langu, na wavulana wa nyuma wanasema, "Daktari bubu huyo amerudi."

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, wakati wa kuvuna mbaazi, alikuja dada mmoja anayesoma sanaa chuo kikuu. Alifikia kwa mjomba wake, muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alikuwa anatafuta sketi ya ngozi yenye shanga, zile ambazo wasichana wa Kiiraqw wa zamani walizishona kwa mikono yao wakiwa wametengwa kufundwa, kabla mila hiyo haijaachwa. Mwalimu wa bailojia akamwambia, "Muulize huyu mchoraji wetu, bibi yake anayo. Ila ukisubiri aongee, utazeeka."

Dada hakucheka. Alinyoosha mkono akaomba daftari langu la bailojia, akafungua kurasa za nyuma ambazo nilikuwa sijawahi kumwonyesha mtu. Kulikuwa na mikono ya mama akipepeta mahindi, na ng'ombe wetu, na ng'ombe wetu tena. Aliangalia muda mrefu. Akasema, "Mdogo wangu, nani amekufundisha kivuli hiki?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi una jicho."

Hilo neno nililala nalo wiki nzima.

Jumamosi tulipanda bodaboda mshikaki, mimi katikati, mpaka Masakta kwa bibi. Njiani alinipigia kelele sikioni kuhusu chuo, maana upepo ulikuwa mkali. Wana chumba chenye madirisha makubwa, na asubuhi nzima mnaweza kuchora kiti kimoja. Wana somo zima la sanaa za jadi: vinyago, vyungu, ngozi, michoro ya mapangoni kule Kondoa. Somo zima! Nikakusanya nguvu nikauliza swali langu moja la siku ile.

"Kwa hiyo mnapewa maksi kwa kuchora?"

"Na kufeli tunafeli vilevile," akasema.

Kuanzia pale nilitaka kwenda huko kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu. Sikutaka hata kuwa mchoraji maarufu. Nilitaka kukaa kwenye kile chumba, nifeli au nifaulu.

Bibi alipokea shikamoo ya mgeni kwa Kiswahili, "Marahaba mwanangu, karibu, kaa," na baada ya hapo Kiswahili chake cha mnadani kikaisha. Akahamia Kiiraqw, nami nikawa mkalimani. Alitoa sketi sandukuni. Ni ya mama yake. Ilinuka samli ya miaka mingi. Mduara mkubwa wa shanga nyeupe, mistari ya kupinda inayoteremka, vidudu vidogo pembeni. Dada aliikunjua magotini kama anapokea mtoto mchanga, akaanza kuichora, akasema, "Muulize bibi, mduara huu una maana gani?"

Nikauliza. Bibi akacheka.

"Maana? Mama aliona unapendeza. Tena ulitakiwa uwe mweupe wote, shanga nyeupe zikamwishia, ndiyo unaona hapa nyekundu. Alimpa mwanamke wa Kibarbaig kibuyu cha maziwa ili apate hizi. Huyu mgeni ameolewa?"

Kalamu ya dada ilikuwa imesimama juu ya karatasi, inasubiri. Nikaona aibu. Siyo aibu yangu ya kila siku, hapana, hii ilikuwa aibu kwa niaba yetu sote. Mtu ametoka chuo kikuu mpaka hapa, nami nimwambie eti shanga ziliisha?

"Anasema ni jua," nikasema.

Akaandika. Uso wake ukang'aa. "Na mistari hii?"

Bibi akasema hiyo mistari mama yake aliishona usiku wa baridi, vidole vimekufa ganzi, ndiyo maana imepinda. Nikasema ni mlima huu ulio juu yetu. Nikasema ni njia ambazo mlima unashukia ukikasirika, na wazee wa zamani walijua. Sijui ilitoka wapi. Au najua: shangazi yangu alikuwa anakaa Jorodom, na tope la mlima lilipoporomoka hatukuupata mwili wake mpaka siku ya pili. Dada aliacha kuandika, akaniangalia, machozi yakamlenga. Mimi niliyeshindwa kuomba chaki kwa sauti, siku ile niliongea kuliko nilivyoongea muhula mzima.

"Mbona maneno yangu machache yanakuwa mengi kwa Kiswahili?" bibi aliuliza.

Nikamwambia Kiswahili ndivyo kilivyo.

Miezi ikapita. Jioni moja picha ikaingia kwenye simu ya mama. Kile chumba, kweli kina madirisha. Ukutani kuna mchoro wake mkubwa wa sketi ya mama yake bibi, mzuri mpaka nikasahau kumeza ugali. Chini yake kuna karatasi yenye maandishi. Nikavuta kwa vidole viwili yakakua: jua, mlima unaokasirika, hekima ya wanawake waliojua kabla. Na ujumbe: "Mwalimu wangu ameipenda sana. Anataka kukufahamu. Amesema mtoto anayejua mila zake hivi asipotee, ukimaliza shule uje, tutakusaidia njia. Ninaanza kuandika tasnifu yangu juu ya mlima wenu."

Nilisoma mara nyingi hadi mama akasema, "Rudisha simu, unaimaliza chaji kwa kutabasamu."

Sikuwa natabasamu. Nilikuwa nimepata mlango niliokuwa nauota, na mlango wenyewe nimeuchonga kwa uongo.

Likizo nikaenda Masakta nikamwambia bibi uongo wote niliotafsiri. Nilitegemea atanigombeza. Aliendelea kumenya vitunguu saumu. Halafu akasema taratibu:

"Mama aliishona kule Mbulu, akiwa msichana. Mlima huu alikuwa hajauona. Aliuona alipoletwa huku kuolewa." Akatupa ganda. "Shangazi yako nilimzaa mimi. Usimweke kwenye nguo ambayo hakuwemo."

Nililia pale pale jikoni. Bibi aliniacha nilie, kisha akasema vitunguu havijawahi kumliza mtu hivyo, niondoke karibu navyo.

Kuandika ujumbe wa kumwambia dada ukweli kulinichukua siku mbili. Nilifuta mara nyingi. Niliwaza: nikikaa kimya nani atajua? Aliyeishona amekufa, bibi hajui kusoma, na Tanga hawasemi Kiiraqw. Ningeenda chuo, ningekaa kwenye kile chumba. Lakini dada alikuwa anajenga kitabu kizima juu ya uongo wangu, na mwisho ningelazimika kuendelea kumletea matofali. Nikaandika: "Shikamoo dada. Bibi hakusema jua wala mlima. Nilisema mimi. Mama yake alishona alichokipenda, na shanga zilimwishia. Nisamehe." Nikabonyeza kabla moyo haujabadilika.

Tiki mbili zikawa bluu saa ileile. Jibu halikuja siku hiyo, wala ya pili. Ya tatu likaja:

"Nimeondoa karatasi ukutani. Nimemweleza mwalimu, haikuwa rahisi. Tafadhali mrekodi bibi kwa Kiiraqw, maneno yake mwenyewe, unitumie. Nitatafuta mtu mwingine wa kutafsiri."

Nilitafuta neno "mdogo wangu" kwenye ujumbe, juu na chini. Halikuwepo. La kuja chuo pia halikuwepo.

Mtu mwingine wa kutafsiri. Alikuwa na haki.

Bibi alivaa kitenge kizuri kwa ajili ya kurekodiwa, ingawa nilimwambia ni sauti tu. Alieleza ngozi ilivyolainishwa, uzi wa mshipa wa ng'ombe, kibuyu cha maziwa, vidole vilivyokufa ganzi. Mimi nilishika simu karibu na mdomo wake, sikutia neno. Alipomaliza akauliza, "Yule atakuja tena lini?"

"Sijui, bibi."

"Na wewe huko kwake unakwenda lini?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nataka kwenda. Nikashindwa kumwangalia.

"Sijui," nikasema, nikamtumia dada ile sauti.