Spana Chini ya Godoro

Asubuhi moja mwezi uliopita niliondoka Arua bila mpango, kama ilivyo kawaida yangu, nikiwa na mfuko mmoja wa nguo. Kando ya barabara iendayo Koboko maseremala walikuwa wamepanga vitanda vipya juani, na harufu ya mvule uliorandwa sasa hivi, ikichanganyika na vanishi, ilinisimamisha. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa mtoto wa kung'oka meno, msimu ule tumbaku yetu ya kijijini Ajia ilipouzika vizuri na baba akamwambia mama achague kitanda na godoro. Hadi siku hiyo wazazi wangu walilalia magunia yaliyojazwa nyasi kavu, na kila mmoja wao alipogeuka, sisi watoto tulisikia kama mtu anapita kwenye mahindi makavu.

Mama alivaa gauni lake la kanisani. Tulipofika kwa seremala mjini hakuzunguka kutazama; alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda kikubwa cha mvule chenye ubao wa kichwani uliochongwa maua, akaketi, kisha akajilaza mbele ya watu wote, miguu yake ikining'inia nje kwa ajili ya viatu. Seremala akacheka. "Mama, ukilala sana tutakuuza pamoja na hiyo kitanda!" Mama akajibu macho yakiwa yamefumbwa, "Uza tu. Lakini mutu anunue yote mbili." Watu wakaangua kicheko, isipokuwa baba. Aliinama, akashika mguu wa kitanda na kuuinua. Ulipanda kidogo, ukarudi chini kwa kishindo.

"Hii iko nzito," alisema. "Tukikimbia, nani atabeba?"

"Mzee, kitanda ni ya kulala, si ya kukimbia."

"Wewe ulikuwa wapi wakati sisi tulikimbia?" baba aliuliza, na seremala akarudi kwenye randa yake.

Kabla sijazaliwa walikuwa na kitanda cha mvule, zawadi ya arusi yao. Vita vilipokuja walikiacha, wakavuka kwenda Kongo na sufuria na mkeka, na miaka iliyofuata wakalala chini kwenye nyumba za watu. Waliporudi walikuta majivu. Ndiyo maana baba alikuwa amekwisha kuona, pale pembeni, kitanda cha mabomba mepesi kilichoungwa kwa bolti. Alikifungua kwa spana, akafunga vipande kwa kamba, akamtazama mama. Si kwa kuamuru, bali kama mtu anayeomba. "Mama ya Candiru, angalia. Baiskeli moja tu." Candiru ni mimi. Mama alipitisha kidole juu ya yale maua kwa muda mrefu. "Basi tuchukue hiyo," akasema. "Maua itashika vumbi tu." Dukani kwa magodoro alibonyeza moja nene hadi mkono ukazama, akatabasamu, kisha akachagua jembamba ambalo angeweza kulikunja na kulibeba kichwani. Nilidhani amebadili mawazo. Mtoto hudhani kila anachochagua mtu mzima ndicho anachokitaka.

Nyumbani, spana ilikaa chini ya godoro, upande wa baba. Alasiri moja kiangazi kilipokuwa kinaisha, mlio mkubwa ulipasuka barabarani, na kabla vumbi halijatulia baba alikuwa amekwisha kukifunga kitanda furushi. Mama alisimama uani, godoro kichwani, mkono wangu mkononi mwake, akingoja kuambiwa tuelekee wapi. Ndipo tukamsikia dereva wa lori la tumbaku akilitukana gurudumu lake lililopasuka. Majirani walicheka hadi jioni, na mama akacheka nao. Lakini ndani, baba alipokuwa akikaza bolti upya, mama alisema kwa sauti ya chini, "Baba ya Candiru, mimi nimechoka kuhama kabla ya kufukuzwa." Baba alizidi kukaza.

Vita havikurudi. Kitanda kile kilikwaruza na kuyumba miaka yote, mpaka mama alipolazwa hospitali ya Kuluva. Huko, juu ya kitanda kizito cha chuma, alikitikisa kwa mkono na kukuta kimetulia. "Hii haina safari," aliniambia, akifurahi kweli kweli. Hakurudi nyumbani. Baba hakukifungua tena kitanda chao. Bolti zilishika kutu.

Mimi niliacha shule mapema, nikapikia madereva, nikauza mitumba hadi mpakani, na sijawahi kuwa na kitanda changu. Siku ile ya mwezi uliopita nilipanda gari, nikashuka Koboko kabla ya jioni, nikaulizia chumba. Mwenye nyumba, mama wa Sudan Kusini, alinifungulia chumba kilichojaa kitanda kimoja cha mvule. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeinama na kushika mguu wake. Haukusogea.

Akacheka. "Dada, utaenda nayo wapi? Fundi alitengeneza hapa hapa ndani. Mlango haiwezi kupitisha."

"Na mkikimbia?"

"Mimi nilishakimbia ya kutosha," alisema, akanipa ufunguo.

Alipoondoka niliketi. Vita alivyoviogopa baba havikunigusa kamwe, na bado ni mimi ninayeondoka kila mara bila kufukuzwa. Mwenye nyumba, aliyefukuzwa kweli, amenunua kile alichokitaka mama yangu, kile ambacho mama angeweza kukilalia katika miaka yote ile ya amani. Nilivua viatu, nikapitisha mkono chini ya godoro, mahali ambapo kwetu ilikaa spana. Hapakuwa na kitu, ila mbao tu, laini, zilizopigiliwa zikashikana.