Amplifaya ya Kwaya na Zebaki Nyekundu

Niliamini kabisa, pamoja na cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba taa za kioo za redio za kale zina zebaki nyekundu ndani, mali ya kununua nusu ya Morogoro.

Kwa hiyo nilipounda amplifaya ya taa za namna hiyo kwa ajili ya gitaa la kwaya yetu huku Uluguru, sikuthubutu kuijaribu, zebaki isije ikapungua. Nikamwachia Mzee Mkude, mtunza vyombo, aifungie kanisani.

Jumapili nikawasha. Kimya. Nikazima, nikawasha, nikazima. Kimya! Kanisa zima linanikodolea macho.

“Mzee Mkude, zebaki umemuuzia nani?”

“Mimi, mwanangu? Mwizi? Mbele ya altare?”

Sista Agata, fundi wa redio za misheni, akaniondoa, akawasha, akakunja mikono. Taa zikaiva taratibu, na gitaa likanguruma hadi madirisha yakatetemeka.

“Sikiliza, msomi,” akasema. “Ndani ya hizo taa hamna kitu, hata hewa imetolewa. Huwa zinangojwa nusu dakika zipate moto. Sasa mwombe mzee radhi.”