Gitaa la Nyuzi Tano

Kwa miaka thelathini Kabaso Ng'andu alimchukia Wedson Jere, na kila alipomtukana watu walicheka. Hilo ndilo lililomtafuna zaidi. Kabaso ni Mbemba, Wedson ni Mngoni, na hao ni watani. Mngoni humwita Mbemba mla nyani, Mbemba humwita Mngoni mla panya; tusi lolote kati yao linapita, na anayekasirika ndiye anayeaibika.

Kabaso alizaliwa Kitwe, kwenye nyumba za mgodi, baba yake mchimba shaba. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa galoni la mafuta na waya za breki za baiskeli, akalipiga mpaka vidole vikaota sugu. Miaka ya sabini ilipoingia, kila mtaa wa mgodi ulikuwa na vijana wa suruali za bugaluu waliopiga roki hadi bati za jirani zikatetemeka. Bendi ya Kabaso na Wedson iliitwa Ngurumo. Wedson ndiye aliyeimba. Sauti alikuwa nayo, hatumnyimi haki yake, lakini gitaa kwake lilikuwa pambo la kifuani.

Mwaka mmoja baba yake Kabaso alifia shimoni, na Kabaso akatunga "Taa ya Baba" kumlilia. Siku ya kurekodi, uzi mnene wa gitaa ulikatika na madukani hakukuwa na mwingine. Akazikaza upya nyuzi tano zilizobaki, huu akaulegeza, ule akaupandisha, mpaka gitaa likanguruma kama pipa la mafuta linaloburutwa juu ya mawe. Kisha akakaa na fundi mitambo akapanga kila sauti mahali pake.

Sahani ya santuri ilipotoka, jaladani alikuwa Wedson peke yake, amekumbatia gitaa. Mtunzi, Wedson Jere. Mpiga gitaa, Wedson Jere. Alikwenda peke yake kwa wenye kampuni ya santuri akajiandikisha, shetani yule.

Kabaso alimfuata baa, akamsimamia mezani. "Wewe mwizi. Umeiba kilio cha baba yangu."

Wedson alinyanyua bia yake bila haraka. "Mnamsikia mla nyani huyu? Mpeni kiti, leo porini amekosa kitoweo."

Baa nzima ikaangua kicheko. Kabaso alipokwenda kushtaki kwa mchungaji, naye alijifuta machozi ya kucheka. "Nyie watani mtatuvunja mbavu."

Ngurumo ikafa. Kabaso akafungua studio chumbani kwake, kuta akazibandika magodoro, akawa mtayarishaji ambaye bendi zote za miji ya shaba zilimkimbilia. Alikuwa mkali. Aliyechelewa alirudishwa nyumbani, na sahani haikutoka mpaka Kabaso aone jina la kila mpigaji limeandikwa. Lakini "Taa ya Baba" iliendelea kupigwa redioni na kwenye misiba ya wachimbaji, na mtangazaji alimtaja Wedson. Kila mara Kabaso aliizima redio na ugali wake wa nshima ukabaki sahanini.

Hatimaye wakamwandalia Wedson sherehe ukumbini Kitwe, apewe tuzo ya mpiga gitaa bora wa enzi zake. Kabaso akaalikwa kama mtani, aje kuchekesha wageni. Akakubali haraka mno.

Jioni hiyo Wedson alishuka jukwaani na tuzo mkono mmoja, gitaa jipya jekundu mkono wa pili. Kabaso akalinyakua lile gitaa. Kitu kikishikwa na mtani hakirudi mpaka mwenyewe atoe anachodaiwa, kila mtu pale alijua.

"Dai basi, mla nyani," Wedson alisema. "Kuku au bia?"

"Vyote sitaki, mla panya. Nipigie 'Taa ya Baba'. Mwanzo tu."

"Vidole vya mzee vinauma, mtani."

"Mbona tuzo umeishika vizuri?"

Ukumbi ukacheka. Wedson hakuweza kukasirika wala kukataa. Kabaso akampa gitaa, naye akapiga. Ilitoka sauti ya kijinga, na watu wakacheka wakidhani anaigiza. Akajaribu tena, jasho likimtoka. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mkewe aliinamisha kichwa.

Kabaso akalichukua gitaa, akatoa koleo mfukoni, akakata uzi mnene mbele ya macho yao. Akazikaza tano zilizobaki taratibu, akapiga. Wajane wa mgodi waliokaa nyuma wakasimama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

"Umeniua, mtani," Wedson alinong'ona.

"Bado." Kabaso akalivaa gitaa begani. "Hujalipa, kwa hiyo hili linabaki kwangu. Watani ndio wanaosema kaburini, unajua. Siku ya kuzikwa kwako nitakuja nalo nimweleze kila mtu ulichoiba, na hutakuwepo wa kuwachekesha."